Kampala: nani hupanga mji wa vilima na mabonde?

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima wa taka wa Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, iliporomoka na kuzifukia nyumba zilizojengwa chini yake. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa. Miili iliyopatikana ilifikia 35, ikiwamo ya watoto, na familia nyingi ziliachwa bila makao.

Mwezi uliofuata Rais Yoweri Museveni aliwafuta kazi Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, pamoja na naibu wake na mkurugenzi anayehusika na afya ya umma. Kwa wengi habari iliishia hapo. Lakini swali la nani aliwaacha watu wajenge chini ya mlima wa taka, na nani aliacha taka ziendelee kurundikwa juu ya vichwa vyao, halijibiwi kwa kuwafuta kazi maofisa watatu. Ni swali la mipango miji, na mjini Kampala swali hilo lina umri wa zaidi ya karne moja.

Jaa la Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996. Taka zilikuwa za Kampala, ambayo kwa makadirio yanayotajwa mara kwa mara huzalisha takribani tani 2,500 kwa siku, ila Kiteezi yenyewe haimo Kampala. Imo katika wilaya jirani ya Wakiso. Jiji lilimiliki jaa, wilaya nyingine ilikuwa na mamlaka ya kusema nani ajenge kandokando yake, na mkazi aliyenunua kipande chake cha ardhi hapo hakujua aende kulalamika kwa nani. Mpaka huo wa kiutawala hauonekani kwa macho, lakini ndiyo unaoeleza mengi kuhusu mji huu.

Wasikilizaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu Kampala kwa miguu yao wenyewe, hususan waliotoka Kongo ya mashariki wakaishi Nsambya, Katwe au Makindye kwa miaka kadhaa kabla ya kupata makazi ng'ambo. Wengine wana ndugu huko hadi leo, na kila mwezi hutuma fedha za kodi ya chumba, za karo, au za kuinua ukuta wa nyumba inayojengwa polepole. Kwao, sera ya mipango miji si jambo la wataalamu peke yao.

Miji miwili iliyofungwa kamba moja

Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza alipiga kambi kwenye kilima kinachoitwa sasa Old Kampala. Hakufika mahali patupu. Ng'ambo ya bonde, kwenye kilima cha Mengo, kulikuwa na makao makuu ya Kabaka wa Buganda, yenye barabara zake, nyua zake na watu kwa maelfu. Mji wa Kabaka uliitwa Kibuga. Kwa zaidi ya miaka 60 iliyofuata, sehemu hizo mbili zilikua kando kwa kando chini ya sheria mbili tofauti: Kampala ya kikoloni iliyopimwa na kuchorwa ramani, na Kibuga ambao mamlaka za kikoloni ziliuacha chini ya serikali ya Buganda bila mabomba wala mitaro ya kutosha.

Ubaguzi huo haukuwa wa bahati mbaya. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Profesa W. J. Simpson, daktari aliyetumwa na serikali ya Uingereza kukagua hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, alipendekeza watu watenganishwe kwa rangi, kwa hoja kwamba hilo lingewakinga Wazungu na malaria na tauni. Ndivyo vilima vya Nakasero na Kololo vilivyotengwa kwa ajili ya Wazungu, Wahindi wakapewa eneo la maduka chini yake, na Waafrika wakabaki Kibuga au mabondeni. Mpango wa A. E. Mirams wa mwaka 1930 ulifuata njia hiyohiyo. Kati ya 1945 na 1947 kazi ya kupanga upanuzi wa mji ilipewa Ernst May, msanifu majengo Mjerumani aliyekuwa amejipatia sifa Frankfurt na ambaye alikimbilia Afrika Mashariki, akawa mkulima Tanganyika kabla ya kurudia taaluma yake. May alichora mitaa ya Waafrika Naguru kwa ustadi, bustani na shule zikiwamo, lakini mstari wa rangi aliukuta na akauacha. Mwaka 1951 Henry Kendall aliandaa mpango mwingine.

Kibuga kiliunganishwa rasmi na Kampala mwaka 1968, miaka sita baada ya uhuru. Mipaka ilifutwa kwenye karatasi. Kwenye ardhi ilibaki: hata leo anayesimama Nakasero akitazama magharibi anaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo barabara zilizonyooka zinakoma na vichochoro vya Kisenyi vinapoanzia.

Ikaja mipango ya 1972 na 1994, kisha Mpango wa Maendeleo wa Kampala wa mwaka 2012, uliopendekeza vituo vipya vya shughuli nje ya katikati ya mji ili watu wote wasilazimike kumiminika mahali pamoja kila asubuhi. Yeyote aliyewahi kukwama kwenye teksi (ndivyo Kampala inavyoita kile ambacho Nairobi ni matatu na Dar es Salaam ni daladala) akielekea Old Taxi Park saa moja asubuhi anaelewa kwa nini pendekezo hilo lilikuwa la busara. Kuchora kituo kipya ni rahisi. Kupata ardhi ya kukiweka ndipo kazi ilipo.

Shamba moja, wenyewe wawili

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi ya ufalme huo kwa maili za mraba, baina ya Kabaka, jamaa zake, machifu na serikali ya kikoloni. Neno la Kiingereza la maili likageuka jina la aina ya umiliki, na hadi leo ardhi hiyo huitwa mailo. Tatizo ni kwamba ardhi iliyogawiwa ilikuwa na watu. Wakulima walioikalia kwa vizazi waliamka siku moja wakiwa wapangaji wa mtu mwingine. Sheria ya mwaka 1928 iliwalinda kwa kiasi fulani: iliweka kiwango cha kodi ya ardhi, iitwayo busuulu, na ikazuia mwenye hati kumfukuza anayeilipa.

Serikali ya Idi Amin ilifuta mfumo huo kwa amri ya mwaka 1975 na kuifanya ardhi yote kuwa mali ya umma. Katiba ya mwaka 1995 ikaurudisha, ikitambua aina nne za umiliki: ya kimila, ya mailo, ya umiliki huru na ya upangaji wa muda maalumu. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaongeza kwamba mtu aliyeikalia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika, bila mwenyewe kumpinga, ana haki ya kubaki. Kipande anachokalia huitwa kibanja. Marekebisho ya 2010 yalikaza zaidi: mwenye kibanja hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu moja tu, kutolipa busuulu.

Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi Kampala kinaweza kuwa na watu wawili ambao wote wanasema kweli wanapodai ni chao. Mmoja ana hati, mwingine ana nyumba, makaburi ya wazee na miti ya migomba. Mwenye hati hawezi kujenga kwa sababu ardhi imekaliwa. Mwenye kibanja hapati mkopo wa benki kwa sababu hana hati. Jiji likitaka kupitisha mtaro au barabara, linatakiwa kuzungumza na wote wawili na kuwalipa wote wawili. Mahakama ya Juu ya Uganda iliweka wazi mwaka 2015, katika kesi dhidi ya mamlaka ya barabara ya taifa, kwamba serikali haiwezi kuchukua ardhi ya mtu kwanza na kumfidia baadaye; fidia lazima itangulie. Wapo wanaosema uamuzi huo umeifanya miradi ya umma kuwa ghali na ya kujikokota. Ni kweli. Lakini bila uamuzi huo gharama ingebebwa na yule asiye na wakili.

Wakosoaji huuona mfumo wa mailo kuwa chanzo cha fujo yote ya ujenzi wa Kampala. Hilo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba kibanja ndicho kilichowawezesha watu wa kipato cha chini kuishi karibu na kazi zao katika mji ambao haukuwahi kuwajengea nyumba. Ukiondoa ulinzi huo bila kuweka kingine mahali pake, mji utapangika vizuri kwa sababu maskini hawatakuwamo.

Maji hufuata mkondo wake

Vilima vinajulikana zaidi, lakini Kampala inaishi kwa mabonde yake. Maji ya katikati ya mji hushuka kupitia mfereji wa Nakivubo, yakapita kwenye ardhi oevu ya Nakivubo karibu na Luzira, kisha yakaingia Ziwa Viktoria katika ghuba ya Murchison. Upande wa kaskazini-magharibi, maji ya Bwaise, Kalerwe na vitongoji vyake huelekea Lubigi. Mafunjo na mimea mingine ya maeneo hayo hufanya kazi mbili bila malipo: hupunguza kasi ya mafuriko na huchuja uchafu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachumi wa mazingira walijaribu kupima thamani ya kazi hiyo kwa fedha. Waliukadiria mchango wa Nakivubo katika kusafisha maji kuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Hesabu yao haikuwa ya nadharia tupu, kwani sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Kampala huvutwa Ggaba, katika ghuba hiyohiyo, kilomita chache tu kutoka mahali ambapo Nakivubo hutema maji yake. Kila ekari ya mafunjo inayofukiwa kwa kifusi huongeza gharama ya dawa za kusafishia maji, na gharama hiyo huishia kwenye bili ya mkazi.

Na bado mabonde yanaendelea kujazwa. Anayejaza si maskini peke yake. Pembeni mwa vibanda vya Bwaise kuna maghala, viwanda, maduka makubwa na vituo vya mafuta vilivyokaa juu ya kilichokuwa kinamasi. Mvua kubwa inaponyesha, maji yaliyonyimwa nafasi huko juu huingia vyumbani huku chini. Wakazi wa Bwaise wamejifunza kuinua vitanda kwa matofali, kujenga kizingiti cha saruji mlangoni na kuning'iniza magodoro darini. Mafuriko ya Machi 2025 yaliua watu kadhaa Kampala na vitongoji vyake, na si mara ya kwanza.

Juni 2024 mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba zilizojengwa ndani ya ardhi oevu ya Lubigi. Kisheria ilikuwa na hoja nzito. Katiba inasema maziwa, mito na ardhi oevu vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote, na hakuna anayeweza kugawiwa. Waliobomolewa nao walikuwa na hoja yao: wengi walinunua kwa pesa halali, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakaunganishiwa umeme, na hakuna ofisa aliyewazuia walipokuwa wakipanga matofali. Wengine waliuliza kwa nini matingatinga yalifika kwao kabla ya kufika kwenye maghala ya matajiri. Swali hilo linastahili jibu, kwa sababu sheria inayoanza na mnyonge hupoteza heshima hata inapokuwa sahihi.

Wahandisi nao wanaendelea na yao. Jiji limetumia mikopo ya Benki ya Dunia kupanua mifereji, ukiwamo wa Lubigi, na mitambo mikubwa ya kusafisha majitaka imejengwa Lubigi na Bugolobi. Mitambo hiyo ni ya lazima. Walakini mtambo hupokea kile tu kinachofikishwa kwake, na nyumba nyingi mno za Kampala hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Hutumia vyoo vya shimo, ambavyo vikijaa bondeni wakati wa mvua hutapika kwenye kichochoro. Ndiyo maana moja ya kampeni zenye manufaa zaidi za KCCA haikuwa ya zege hata kidogo. Iliitwa Weyonje, neno la Kiganda lenye maana ya jisafishe, na ilihusu kumkutanisha mwenye choo kilichojaa na mtu mwenye leseni na vifaa vya kukitapisha, hata pale ambapo lori haliwezi kupita.

Wakazi wanapojihesabu wenyewe

Kwa miaka mingi ramani rasmi zilionyesha mitaa ya mabanda ya Kampala kama doa la kijivu. Hakuna aliyejua kwa uhakika nyumba ni ngapi, wapangaji ni wangapi, bomba la maji liko wapi. Mpango unaochorwa juu ya doa la kijivu huona nafasi tupu ya kupitisha barabara.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirikisho la Taifa la Wakazi wa Mitaa ya Mabanda Uganda limejaribu kulijaza doa hilo. Mbinu yake ni ya kawaida mno kiasi kwamba ni rahisi kuidharau. Kwanza wakazi, wengi wao wanawake, huunda vikundi vya kuweka akiba, vinavyokutana mara kwa mara na kujua nani ni nani. Kisha wanachama hao huenda mlango kwa mlango, wakiandika namba kwenye kila nyumba, wakiuliza idadi ya wanaoishi humo, wanapochota maji, kodi wanayolipa, hofu waliyonayo. Majibu husomwa mbele ya mkutano wa mtaa ili waliohesabiwa wasahihishe makosa. Mwishowe mtaa huwa na daftari na ramani yake, na mwenyekiti anapokwenda ofisi za jiji haendi kuomba huruma. Anakwenda na takwimu. Katika mitaa kadhaa hatua iliyofuata ilikuwa kujenga vyoo vya umma vinavyosimamiwa na wakazi wenyewe.

Kipo kizingiti ambacho mbinu hii haijakivuka vizuri. Wenye nyumba na wapangaji hawana maslahi sawa. Mtaa ukipata taa, mtaro na choo safi, kodi hupanda, na mpangaji aliyehudhuria mikutano yote hujikuta akihama. Namuwongo ni mfano unaofahamika: mradi wa kuboresha makazi ulioanza miaka ya 1980 ulilipandisha hadhi eneo hilo, na wengi wa waliokusudiwa kunufaika waliuza au walishindwa kumudu, wakasogea chini kandokando ya reli. Mwaka 2014 vibanda vilivyokuwa kwenye hifadhi ya reli navyo vikabomolewa.

Mfano mwingine ni wa uchungu zaidi. Nyumba za kupanga za Nakawa na Naguru, zilizojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, zilibomolewa mwaka 2011 ili kupisha mji mpya wa kisasa. Wapangaji 1,747 waliahidiwa kupewa kipaumbele kwenye nyumba mpya. Mwekezaji alikuwa na makubaliano na serikali tangu 2007, jiwe la msingi likawekwa, lakini miaka ilipita na majani yakaota mahali palipokuwa na vyumba. Mkataba ukavunjwa hatimaye, na ardhi ikaanza kugawiwa wengine. Hapakuwa na tatizo la mailo pale, wala la ardhi oevu. Ardhi ilikuwa ya umma na mpango ulikuwepo. Kilichokosekana ni kifungu chochote ambacho mpangaji angeweza kukishika na kukipeleka mahakamani ili ahadi itimizwe.

Majirani wana la kufundisha. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, yenye zaidi ya kaya 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango. Kanuni za kawaida za upana wa barabara na ukubwa wa kiwanja zilisimamishwa kwa muda, kwa kuwa kuzifuata kungemaanisha kubomoa karibu kila kitu. Wakazi waligawanywa katika makundi madogo ya kaya, kila kundi likawa na msemaji wake, na makubaliano kuhusu upana wa vichochoro yalipanda ngazi kwa ngazi hadi mezani kwa wataalamu. Tanzania nayo, kuanzia katikati ya muongo wa 2000, ilianza kuwapa wakazi wa maeneo yasiyopimwa ya Dar es Salaam leseni za makazi za muda mfupi. Leseni si hati kamili, lakini ilimpa mtu karatasi yenye jina lake.

Kampala yenyewe imewahi kuthubutu. Mwaka 2006, wakati miji mingi ya Afrika ilikuwa bado inafyeka mahindi ya wakazi wake, halmashauri ya Kampala ilipitisha sheria ndogo zilizotambua kilimo cha mjini na ufugaji kuwa shughuli halali zinazohitaji usimamizi. Sera hiyo ilikuwa jambo la busara katika mji ambao migomba na kuku havijawahi kuondoka. Leo jiji lina kituo chake cha kufundishia kilimo cha mjini huko Kyanja.

Nani anashika kalamu

Sheria ya Jiji Kuu ya mwaka 2010 iliitoa Kampala mikononi mwa halmashauri ya zamani na kuiweka chini ya serikali kuu. KCCA ilianza kazi 2011. Tangu hapo jiji limekuwa na vichwa viwili: Meya Mkuu anayechaguliwa na wananchi, na Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Fedha na wafanyakazi viko kwa wa pili. Erias Lukwago, mwanasiasa wa upinzani, alichaguliwa kuwa Meya Mkuu 2011, kisha 2016 na 2021, na kipindi chake cha kwanza kilitawaliwa na ugomvi na mkurugenzi wa wakati huo, Jennifer Musisi, hadi madiwani wakapiga kura ya kumng'oa Novemba 2013. Musisi anasifiwa kwa kuongeza mapato na kutengeneza barabara. Wachuuzi waliofagiliwa mitaani wanamkumbuka kwa namna nyingine. Vyovyote iwavyo, mkazi aliyempigia meya kura aligundua kwamba kura yake haifiki kwenye ofisi inayoamua mtaro upite wapi.

Wakati huohuo mji halisi umevuka mipaka. Sensa ya 2024 iliihesabia Kampala takribani watu milioni 1.8. Wakiso, inayoizunguka, ilikuwa na zaidi ya milioni 3.3. Nyumba mpya zinajengwa Kira, Nansana, Kasangati na Makindye-Ssabagabo, si Kololo. Kwa sababu hiyo mpango wa maendeleo wa Kampala Kubwa, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 566 na kuidhinishwa na benki hiyo mwaka 2022, unajumuisha mamlaka tisa: KCCA, wilaya za Wakiso, Mukono na Mpigi, na manispaa zilizomo ndani yake. Ndani ya fedha hizo mna ruzuku kwa ajili ya maeneo yanayowapokea wakimbizi, jambo linalowahusu moja kwa moja maelfu ya Wakongo na Wasomali wa mjini. Kama mpango huu utaishia kwenye lami tu, au utafika pia kwenye jaa la taka na nani anaishi kando yake, ndipo kipimo chake kilipo.

Ipo pia kero ndogo ya lugha. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo ramani, matangazo ya miradi na fomu za pingamizi huandikwa zaidi kwa Kiingereza, na mikutano ya mtaa huendeshwa kwa Kiganda. Mkimbizi wa Katwe anayezungumza Kiswahili na Kifaransa anaweza kuishi kando ya mradi kwa mwaka mzima asijue kwamba muda wa kutoa maoni umekwisha.

Kabla ya kutuma fedha za kiwanja

Kwa mwenye ndugu anayetaka kununua ardhi ndani au kandokando ya Kampala, yaliyoelezwa hapo juu yanageuka kuwa maswali machache ya kuuliza mapema. La kwanza ni aina ya umiliki: je, kinachouzwa ni hati ya mailo au ni kibanja? Kibanja kikiuzwa, sheria inataka mwenye hati apewe nafasi ya kwanza ya kukinunua. Mauzo yaliyofanyika bila yeye kujulishwa yanaweza kuleta kesi. Ikiwa familia inaishi kwenye ardhi hiyo, ridhaa ya mume au mke wa muuzaji inahitajika, na inafaa iwe kwa maandishi.

Hati yenyewe ihakikiwe kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, si kwa kuitazama mikononi mwa dalali. Ofisa wa mipango wa manispaa husika anaweza kusema kama eneo limepangiwa barabara au mtaro. Kuhusu maji, NEMA ndiyo ya kuulizwa: kwenye fukwe za Ziwa Viktoria eneo la mita 200 kutoka majini limehifadhiwa, na serikali imekwisha kutangaza nia ya kufuta hati zilizotolewa ndani ya ardhi oevu baada ya 1995, hata kama zina mihuri yote.

Majirani ni chanzo kingine cha habari, na mara nyingi ndicho cha haraka kuliko vyote. Ndugu aende kukiona kiwanja mwezi wa Aprili au Novemba, wakati wa mvua, na azitazame kuta za nyumba za jirani kuona alama ya maji imefika wapi.